Sufu Inayorudi

Tarrawick,
14 Juni 1998

Mpendwa mdogo wangu Val,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini wewe na Ron hamjambo, na magoti ya Ron yanamruhusu kulala. Mimi sijambo kiasi, kama utakavyoona kwenye mwandiko huu ambao kila herufi inaelekea kwake. Naandika kwanza kwa penseli, nasahihisha, halafu nanakili kwa wino, kwa hiyo barua moja inanichukua siku mbili. Kiharusi hiki nacho! Nina mikono miwili, kikaenda kuuchagua ule wa kushoto ninaoutumia kwa kila kitu.

Hii ni wiki ya tatu tangu nirudi nyumbani. Paka wangu Chatini alininunia siku nzima, akanigeuzia mgongo wake wa rangi ya chungwa, kisha akaja kujilaza miguuni pangu. Namfungia ndani kama halmashauri inavyotaka. Huyu paka hajakanyaga nje tangu alipokuwa kitoto.

Dada wa mazoezi pale hospitalini alisema mkono lazima ufanye kazi kila siku. Basi nafuma. Nafuma vifuko vya sufu kwa ajili ya Jude Pascoe, yule wa mwisho wa barabara anayelea wanyama yatima. Kangaruu akigongwa na lori, mtoto hutolewa kwenye mfuko wa mama yake akiwa hai, na anahitaji mfuko mwingine wa joto wa kutundikwa karibu na jiko. Nimeshamfumia vinne.

Tarehe 28 Agosti nesi wa wilaya atakuja kunipima. Anataka kuona kama naweza kufunga vifungo, kuinua birika, kujitegemea. Nikishindwa, kuna chumba kwenye nyumba ya wazee kule mjini, na huko paka hawaruhusiwi. Nakuambia wazi, Val, huko sitaishi. Nitakaa tu.

Lakini kinachonikosesha raha ni huyo Jude. Unamkumbuka? Miaka sita alikuwa ananipita dukani bila salamu kwa sababu nafuga paka na paka ni adui wa ndege. Leo ananiletea supu ya malenge. Nikimpa kifuko anakikumbatia: "Ah, Merle, kizuri ajabu! Watoto watalala kama wafalme!" Mwanamke huyu hajawahi kumsifu mtu tangu alipohamia hapa. Anataka nini kwangu?

Dada yako,
Merle


Adelaide,
23 Juni 1998

Mpendwa dada Merle,

Shikamoo dada. Barua yako imefika, na mwandiko nimeusoma bila miwani, kwa hiyo acha kujilalamikia. Sisi hatujambo. Ron anakusalimu na magoti yake pia yanakusalimu.

Kuhusu Jude, ndugu yangu, watu hubadilika. Mtu akiugua, majirani huleta supu. Ungekuwa mzima asingekuletea. Wewe nawe tangu utoto ni kushuku tu. Umesahau ulivyonipekua mifuko mbele ya wageni ukitafuta keki za nazi za mama, kumbe alizila baba? Na mpaka leo hujaniomba radhi.

Kunywa supu. Endelea kufuma, hata ukichoka. Hasa ukichoka. Niahidi.

Mdogo wako,
Val


Tarrawick,
5 Julai 1998

Mpendwa Val,

Salamu. Natumaini hamjambo. Mimi naendelea vizuri: jana nilishika kikombe kwa kushoto mpaka mezani, chai ikamwagika kidogo tu. Keki za nazi ulikula wewe na baba, nusu kwa nusu. Sina wa kumwomba radhi.

Supu nimeinywa. Sasa nisikilize na usicheke.

Sufu yangu iliisha mwezi uliopita. Jude akaniambia nisijali, akina mama wa kanisa moja kule Ballarat wanatoa sufu mpya kwa ajili ya wanyama, atakuwa ananiletea. Ameleta madonge matatu. Juzi nilikaa dirishani kwenye jua nikalivuta moja. Val, uzi ule umejikunja. Una mawimbi mawimbi toka mwanzo hadi mwisho. Nimefuma miaka sitini. Uzi mpya hunyooka, unaojikunja ni ule uliokwisha kufumwa ukafumuliwa. Nikauchunguza kwa lenzi ya kusomea. Humo ndani nimetoa nywele saba fupi za rangi ya chungwa.

Paka wangu hajawahi kufika Ballarat.

Jude alipokuja nilimuuliza tu kwa upole, "Hao akina mama wa Ballarat, ni wa kanisa gani?" Akasema, "Eh... lile la karibu na stesheni." Nikamuuliza, "Na wanafuga paka?" Akaangalia saa, akasema yatima mmoja, mtoto wa wombati, anasubiri chupa, akaondoka bila kumaliza chai. Vifuko vyangu anavipeleka wapi, Val? Nadhani anavifumua kimoja kimoja, anahesabu makosa, na siku ya nesi atasimama sebuleni kwangu aseme, tazameni, huyu bibi hawezi hata kufuma.

Nimetega mtego. Kwenye kifuko cha mwisho nimesokota uzi mwembamba mwekundu wa cherehani pamoja na sufu, urefu wa kiganja, katikati kabisa ambako hauonekani. Tutaona kama akina mama wa Ballarat nao wana uzi huo.

Dada yako,
Merle


Adelaide,
15 Julai 1998

Dada mpendwa,

Shikamoo. Hongera sana kwa kikombe! Nimemsomea Ron, akapiga makofi.

Kwa mengine, dada, tafadhali. Akina mama wa makanisa huchangia vitu vilivyotumika, kila mtu anajua. Watu hufumua sweta za zamani. Nywele za paka wa rangi hiyo zimejaa nchi nzima. Na sufu ya kijani kibichi kama hiyo iko kila duka kutoka huku mpaka Sydney, huwezi kudai ni yako.

Toa huo mtego. Jude ana kazi nyingi, anaamka na wale watoto kila baada ya saa tatu. Ukimfukuza utabaki na nani? Fuma, dada. Mkono wako ndio muhimu, siyo uzi.

Mdogo wako anayekupenda,
Val


Tarrawick,
27 Julai 1998

Val,

Salamu kwako na kwa Ron. Afya yangu ni nzuri kuliko mlivyopanga.

Uzi mwekundu umerudi. Jumanne Jude aliniletea donge jipya, "la leo asubuhi kutoka Ballarat," nikalivuta mbele ya Chatini mpaka nikaufikia, kiganja kimoja cha uzi mwekundu kimesokotwa vilevile kama nilivyokiacha. Nilikaa nacho mapajani muda mrefu. Nilimfungia Jude mlango, na tangu siku hiyo supu yake inapoa kibarazani.

Lakini siandiki kuhusu Jude.

Umeandika kijani kibichi. Nimetoa rasimu zangu zote za penseli, ninazo kwenye kopo la biskuti, nikazisoma zote mbili, mara mbili. Sikukuambia rangi. Mahali popote. Nimeandika sufu, nimeandika uzi, nimeandika madonge. Na kwamba anaamka kila baada ya saa tatu, hilo umelijuaje? Mimi ninayekaa mita mia nne kutoka kwake sikulijua.

Basi unaandikiana naye. Jina lako ndilo liko kwenye karatasi za hospitali kama ndugu wa karibu. Wakiamua sina akili, watakuuliza wewe utie sahihi. Nimeelewa sasa kwa nini supu, kwa nini sifa, kwa nini "niahidi." Jude anapeleleza, wewe unapokea ripoti, na mwezi wa nane mnanipakia garini.

Nilikubeba mgongoni ukiwa na surua, Val. Maili mbili, kwenye mvua. Kama umeamua niende, ungekuja ukaniambia usoni.

Merle

(Leo sijaweka dada. Umeona.)


Adelaide,
3 Agosti 1998

Dada yangu Merle,

Shikamoo.

Ni kweli. Tunaandikiana, na kosa ni langu, siyo la Jude. Nakuambia yote kama yalivyo.

Mwanzoni mwa mwezi wa sita Jude aliniandikia. Alisema vifuko vyako vina matundu. Pale mkono wako unapolegea, vitanzi vinaachana, na kidole cha mtoto wa kangaruu kikaingia kwenye tundu kikajinyonga. Alikikuta kimevimba, akakata sufu kwa mkasi, kikapona. Kuanzia hapo hakuweza kuvitumia tena. Aliniuliza, "Nimwambieje dada yako?" Alitaka kukuambia ukweli siku ileile, unamjua alivyo. Mimi ndiye nilimsihi asikuambie. Nilimwambia avifumue akurudishie uzi, asifie, alete supu. Habari za Ballarat nilizitunga mimi.

Dada, hukujiona pale hospitalini. Nilikaa na wewe siku kumi. Uligeukia ukuta, hukula, hukusema na mtu. Siku ya kumi ulisema neno moja, "sindano," na nesi akadhani unataka kuchomwa dawa. Ni mimi niliyejua unataka za kufumia. Niliogopa ukiambiwa kazi yako haifai utageukia ukuta tena, na safari hii hutarudi.

Sijatia sahihi karatasi yoyote. Sitatia. Nisamehe. Na keki za nazi nilikula.

Mdogo wako,
Val


Adelaide,
19 Agosti 1998

Dada Merle,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Wiki mbili zimepita bila neno. Simu inaita, hupokei.

Nilimwandikia Jude. Amenijibu kwenye postikadi mstari mmoja: "Moshi unatoka kwenye bomba la jiko lake. Mengine muulize mwenyewe." Hajawahi kuwa mkavu hivyo kwangu. Ninyi watu wa Tarrawick mna nini?

Zimebaki siku tisa nesi aje. Ron anasema niache, nami siwezi. Nikikosa barua mpaka mwisho wa mwezi napanda treni. Nitukane basi, lakini kwa maandishi.

Val


Tarrawick,
30 Agosti 1998

Mpendwa mdogo wangu Val,

Salamu nyingi. Natumaini wewe, Ron na magoti hamjambo. Sisi huku hatujambo, mimi na Chatini. Usipande treni. Nauli hiyo mnunulie Ron bandeji.

Barua yako ya tarehe tatu niliisoma nikaitupa kwenye moto wa jiko, nikaitoa kabla haijaungua, pembe moja tu imeliwa. Nilikasirika sana. Hasira yenyewe haikuhusu matundu. Miezi miwili mmenipigia makofi kama mtoto anayejifunza kukaa kwenye poti. Niliposoma habari ya kile kidole nililia, Val, kwa sababu nilimfunga yule mnyama kwa mikono yangu huku nikisifiwa.

Asubuhi iliyofuata nilivaa koti, vifungo vyote, dakika ishirini, nikashika fimbo nikaenda kwa Jude. Sikuwahi kufika huko kwa miguu tangu niugue. Nilipumzika mara tatu, na ndege kukabara juu ya nguzo, kwa mlio wake kama kicheko, akanicheka njia nzima. Jude alifungua mlango, ana chupa ya maziwa kila mkono. Nikamwambia, "Nionyeshe."

Akanionyesha. Mtoto bado anakikunja kile kidole anapolala.

Nikamwambia, "Kuanzia leo nikileta kibaya, niambie kibaya. Uso kwa uso."

Akasema, "Kwa raha zangu. Nimechoka kukusifu mpaka meno yananiuma. Na paka wako bado simpendi."

"Naye hakupendi."

Nilirudi nyumbani nikachukua sindano nyembamba zaidi. Nikafuma, nikafumua mwenyewe, nikafuma. Ndiyo maana simu haikupokelewa. Mikono ilikuwa na kazi, na sikutaka sauti ya mtu mwenye huruma masikioni. Kila nikipeleka kifuko, Jude anakitanua kwenye mwanga, anapitisha kidole chake kidogo, na kikipita ananirudishia. "Hapana." Kesho yake, "Hapana." Siku moja alisema, "Hapana, ila karibu," nikamwambia asianze tena tabia mbaya. Sita alivikataa. Cha saba alikitanua, akapapasa, akapapasa tena upande wa pili. Alimchukua mtoto wa kidole, akamgeuza kichwa chini kama wanavyopenda wenyewe, akamtumbukiza, akakitundika karibu na jiko.

Nimesubiri siku kumi. Sufu hiyo haijarudi.

Nesi alikuja tarehe 28, akagonga kwangu, hakuna mtu. Aliniona kwa Jude, kwenye kiti cha jikoni, wombati mapajani, chupa mkono wa kushoto. Alisimama mlangoni akiandika, na mimi nikawa namwangalia anaandika nini, maana watu wanaoandika kimyakimya siwaamini tena. Kisha akaomba nifunge vifungo. Nikamwambia asubiri, mnyama hajashiba. Akasubiri. Nikafunga vyote. Ninabaki nyumbani kwangu, na atarudi mwezi wa kumi na mbili kunikagua kama gari.

Kwenye kifurushi hiki kuna kitambaa cha shingo. Nimekifuma kwa sufu ya kijani, sehemu ya kwanza ni ya mwezi wa sita, kifuko ambacho Jude alikuwa bado hajakifumua, sikugusa kitanzi. Ya mwisho ni ya wiki iliyopita. Utaona mwenyewe panapoanza kubana. Uzi mwekundu umo.

Ukiniandikia kwamba ni kizuri, sitakujibu tena maishani.

Dada yako,
Merle


Adelaide,
9 Septemba 1998

Dada Merle,

Shikamoo. Sisi hatujambo.

Ni kibaya. Upande mmoja mpana, mwingine mwembamba, na kidole changu kimenasa mara mbili nikikivaa kanisani. Ron ameuliza kama ni wavu wa samaki.

Sikivui.

Mdogo wako,
Val