Samaki Mkubwa wa Wangari

Ijumaa, Julai. Nyeri. Ukungu haujaondoka bwawani tangu asubuhi. Nimekunywa chai vikombe vitatu.

Mwezi uliopita nilipeleka trauti wetu, hawa samaki wa maji baridi, maabara wapimwe sumu ya zebaki. Wageni wanaokuja kuvua kwa ndoano walikuwa wanauliza, na mwenye bwawa akaniachia mimi, mtunza samaki wake, kazi hiyo. Nilitupa wavu pale ninapomwagia chakula, wakajaa upesi, nikachagua sita. Majibu yakarudi safi. Nikayabandika langoni mwenyewe, nikijiona daktari.

Leo amekuja afisa wa samaki kukagua vifaranga vya samaki tunavyotaka kuingiza bwawani. Akaangalia picha za wale sita kwenye simu yangu, akacheka.

"Hawa mapezi imeisha hivi ni wa tangi. Mliwaleta juzi, si ndiyo? Watatoa zebaki wapi? Wale wazee wa huko chini ulipima?"

Sikupima.

Hao wapya wamekulia tangini kwa chakula cha gunia. Wale wa zamani wako bwawani miaka mingi, wanakula samaki wadogo, hata hao tunaowaletea. Zebaki huingia majini kidogo kidogo, na anayemla mwenzake hurithi aliyokuwa nayo. Ikimfikia mama mja mzito, huweza kudhuru ubongo wa mtoto tumboni. Haya niliyasoma chuoni, nikayafanyia na mtihani!

Na wale wazee wanaliwa na nani? Na dada yangu Wangari, kule Tetu, mwenye mimba ya miezi saba.

Kwetu samaki hakuwa chakula. Marehemu nyanya alimwona kama nyoka tu. Wangari naye alikuwa hivyo hivyo, mpaka kliniki wakamwambia damu yake ni kidogo, nami nikambembeleza wiki nzima. Alipokubali, kila Jumamosi nikawa nampelekea yule mkubwa kuliko wote. Mja mzito utampaje yule mdogo? Hata majirani wangenisema. Kumbe wale wadogo wa juzi ndio niliowapima.

Nimebandua karatasi langoni. Mwenye bwawa amenuna, shauri yake. Afisa anasema pengine hao wazee hawana kitu, mpaka wapimwe ndipo tujue. Lakini "pengine" siwezi kumpelekea dada yangu kwenye kikapu.

Saa kumi ameniandikia: "Kesho usisahau samaki yangu. Mtoto ameanza kuidai, anapiga teke."

Nimeusoma ujumbe huo mara nne.

Nitaenda asubuhi na mayai na mboga za terere, nimwambie yote kabla hajaweka sufuria motoni, kisha twende kliniki pamoja. Akinifokea nitashukuru. Ninachoogopa ni kwamba hatafoka. Atashika tumbo, aniangalie mimi niliyesoma, aniulize, "Sasa tufanye nini?"