Kodi ya Mwaka Mzima

Goba, Dar es Salaam

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini mguu umepungua maumivu na kikohozi cha Mama kimetulia. Mie mzima, ila mzima wa kusema tu. Barua hii nampa mtu wa basi la Tukuyu pale Mbezi Luis, maana simu huwa unaiwekaga sauti ya juu, na haya si ya kusikilizwa na majirani.

Kaka Asifiwe kanipigia. Kasema unauza shamba la chai ili uongeze vyumba vitatu hapa Goba, kwa sababu nyumba inalipa kuliko chai. Eti hesabu umeionyesha mpaka kanisani, kwamba kila Januari kodi ya mwaka mzima inaingia, na wazee wamekupongeza. Tangu siku hiyo sipati usingizi.

Baba, hesabu yako ina upande mmoja. Umeandika kilichoingia tu. Hujaandika dalali, anayechukua kodi ya mwezi kwa kila mpangaji anayemleta, wala maji ya boza, wala ukuta ulioporomoka na mvua. Nimeyatoa yote hayo, na nyumba hii haijawahi kufikia hata nusu ya chai. Tena ulikataa katakata kupokea kodi ya mwezi kwa mwezi, ukasema mwenye nyumba anayejiheshimu hupokea ya mwaka. Siku hizi nani anayo ya mwaka? Watu wanakuja, wanasifia upepo wa kilimani, wakisikia mwaka wanaaga. Nilipokudokeza, uliniuliza nyumba ni ya nani.

Sasa nakwambia. Chumba kimoja nakaa mimi, na vile vingine vitatu havina mtu tangu mwaka juzi. Kodi zile nilikuwa natuma mwenyewe. Nilikopa kwenye kikoba, kisha nikakopa kwingine kulipa kikoba. Ile ya kwanza ulipoipokea ulilia kwa furaha kwenye simu, basi ya pili nikashindwa kukunyima. Mwaka huu wakopeshaji wote wamenikatalia. Januari haiji na kitu.

Nilitaka kukuomba usitie saini. Lakini Asifiwe kasema Mzee Augustine, anayenunua shamba, ameshakupa malipo ya awali na wewe umeshanunua mabati. Kwa hiyo hata sijui nakuomba nini.

Mama msalimie sana, ila usimsomee haya. Wazee wa kanisa nao nawasalimu, Mungu awalinde nyote.

Mimi mwanao, na mpangaji wako,

Sekela