Harufu ya Mpira Kwenye Pikapu ya Kijiji

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nimeshindwa kuanza bila hiyo.

Nakuandikia kwa sababu ya gari. Mambo ya nyumbani utakuwa umeshayakisia. Mama analima na upande wako wa shamba, mdogo wangu Mbula ameng'oka meno ya mbele, na mimi nimemaliza shule, nipo tu nyumbani nikisubiri nafasi ya kozi ya ualimu. Pikapu ya kijiji sasa anaiendesha Mjomba Maganga, binamu yake Mama.

Soko la tumbaku lilipofunguliwa, pikapu ikaanza kunuka mpira unaoungua. Kila ikienda Urambo, ikishavuka reli tu, harufu inakuja. Mjomba akafungua boneti akatazama mkanda wa feni, ule ulioufunga wewe kabla homa haijakulaza. Akasema ulifungwa ukalegea, unateleza, ndiyo maana unaungua. Akaukaza. Harufu ikabaki. Akaweka mkanda mpya, na harufu ikabaki vilevile.

Hapo maneno yakaanza. Kwenye mkutano mtu mmoja akasema marehemu alizoea kufungafunga vitu kwa mipira, sasa tunaona matokeo. Mwenyekiti akauliza, gari likiwaka moto na tumbaku ya kijiji kizima, nani atajibu? Likinuka tena safari ijayo, litaegeshwa. Mama alikuwa amekaa na akina mama wenzake, anavunja kijiti vipande vidogo vidogo.

Mimi si wa kusimama mkutanoni, unanijua. Lakini nilitaka kujua. Hata kama kosa ni lako, nilitaka kujua ni kosa gani.

Unakumbuka mchezo wetu? Ulikuwa unaendesha, unaniambia, "Kalunde, fumba macho. Kinanuka nini?" Nikisema mafuta, unauliza: mabichi au yanaungua? Mbele au nyuma? Tukipanda kilima au tukishuka? Hukugusa spana mpaka nijibu yote. Basi nikaanza na maswali yako. Kumuuliza Mjomba niliona haya, nikawauliza akina mama wanaopanda nyuma, juu ya marobota ya tumbaku. Mama Shija akasema, "Sisi tunashuka tunanuka kama katambuga ya tairi iliyotupwa motoni, halafu unauliza kama harufu ipo?" Lakini waliokaa mbele na Mjomba waliniambia wao wanaisikia kidogo tu. Na wakati wa kurudi, gari likiwa tupu, hakuna anayeisikia.

Nililala na jambo hilo, nikaamka nalo. Feni iko mbele, na inazunguka gari likiwa limejaa au tupu. Sasa kwa nini harufu inakaa nyuma, na kwa nini inapanda na mzigo na kushuka nao?

Safari ile ya kuamua kama gari litaegeshwa, nikaomba nipande nyuma. Mjomba akacheka. "Mwanafunzi, huko shule mlisomea pua?" Watu wakacheka pia. Uso ulinichoma, nikapanda hivyo hivyo. Baada ya reli harufu ikaja. Nikalala kifudifudi juu ya marobota, nikanusa kila upenyo, akina mama wakinishika miguu nisianguke. Kona ya kushoto, karibu na mlango wa nyuma, ilinitoa machozi.

Tulipofika Urambo wapakuzi walikuwa tayari. Nikasema, "Mjomba, tusipakue kwanza." Sauti ilitoka ndogo, ikabidi nirudie. Nikaingia chini ya gari mzigo ukiwa bado juu yake. Pale kwenye kona bati la sakafu limetoboka kwa kutu, na bomba la moshi linapita chini yake. Ukanda wa tyubu ya tairi, wa kufungia mzigo, ulikuwa umesukumwa na robota kupitia tundu lile mpaka umeligusa bomba, umeyeyuka, mweusi, unanata. Nikawaambia wanyanyue robota la juu. Ukanda ukajivuta, ukarudi ndani ya tundu, kama haukuwahi kuwepo. Ndiyo maana hakuna aliyeuona. Gari lilikuwa linakaguliwa tupu.

Mzigo uliposhushwa, niliona mwisho wake mwingine umefungwa kwenye chuma cha sakafuni, ndani ya bodi. Fundo lile nikalijua.

Ni lile ulilofungia sanduku langu la bati siku uliponifuata shule. Ulisema ulifundishwa na babu yako, aliyewabebea watu pembe za ndovu kutoka Tabora hadi pwani. Linashika safari nzima, ukasema, halafu ukivuta ncha moja linaachia. Nikakuomba unifundishe. Ukasema, "Ngoja tufike." Tulifika mvua inanyesha, tukashusha sanduku mbio, na ile homa ikaanza.

Kwa hiyo, Baba, mpira uliokuwa ukiungua ni wako. Mkanda wa feni haukuwa na kosa. Nilimwambia Mjomba yote mawili. Akasema, "Mkanda wake upo chini ya kiti. Nitaurudisha." Jioni alikuja nyumbani akamweleza Mama mwenyewe, na kwenye mkutano akarudia mbele ya watu. Mama alicheka. "Mtu na mipira yake," akasema, akacheka tena mpaka akajifuta macho. Tangu uondoke sikuwa nimemsikia akicheka.

Mjomba alitaka kulikata fundo kwa kisu. Nikamkatalia. Nililala pale sakafuni nikalifuata kwa kidole, linapopita juu, linapojirudia, linapojificha. Kisha nikavuta ncha. Likaachia, kama ulivyosema.

Kipande kilichoungua nimekikata. Kilichobaki ninacho, nakifungia kwenye mguu wa meza kila nikipata nafasi. Bado kinateleza. Nadhani ninakosea pale fundo linapojirudia.

Pumzika, Baba. Kabla soko halijafungwa nitakuwa nimelipata fundo hilo. Mzigo wa mwisho wa kijiji nitaufunga mimi, na ncha nitaiacha juu, mbali na tundu.

Mwanao,
Kalunde