Moto wa Mzururaji

Jumapili, 4 Februari

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba druidi mzururaji hana cheo. Wanamwona hana msitu wake, hana wafuasi, ana fimbo na mfuko tu. Basi wanamweka chini kabisa, chini hata ya mwanafunzi anayefagia majani. Lyle amerudia kosa hilo leo, mezani, mdomo umejaa jibini, baada ya miaka yote hii ya kucheza nami. Nikamweleza tena. Hakusikiliza. Naeleza hapa, ambapo hakuna wa kunikatiza.

Druidi katika mchezo wetu wa mezani, wa ramani, visanamu na dadu, ni kuhani wa miti na wanyama. Kila nchi ina Druidi Mkuu mmoja tu. Chini yake wachache, chini yao wengi. Hupandi kwa umri wala kwa kupendwa. Unamwendea aliye juu yako, unaomba pambano, unamshinda. Kiti hakirithiwi. Hakitolewi zawadi. Mkuu akifa kitini bila kushindwa, msitu wake unafungwa na wote waliokuwa chini yake wanatawanyika.

Na mzururaji? Ni yule aliyetoka, kwa kushindwa au kwa hiari. Lakini nafasi yake haipewi mtu mwingine. Anaweza kurudi siku yoyote na kumdai Mkuu pambano, moja kwa moja, bila kupitia walio chini. Mkuu hawezi kukataa. Tena kila jioni Mkuu lazima aache moto ukiwaka ukingoni mwa msitu, endapo mzururaji atapita. Sasa, mtu anayewashiwa moto kila jioni yuko nje ya ngazi kweli?

Nimekumbuka haya kwa sababu ya Merle. Merle Wojahn ndiye Druidi Mkuu wetu tangu tulipokuwa tunachezea chumba cha chini cha kanisa. Mapafu yake yamekwisha. Daktari amesema wiki, si miezi. Leo, tukiwa tumekaa jikoni kwake, ametuambia anataka kushindwa kabla hajafa. Na si na yeyote. Na Darcy.

Lyle akasema, mpe tu binti yako hicho kiti, mzee, tule chakula! Merle akacheka mpaka mashine ya oksijeni ikapiga kelele.

"Hakitolewi, bwana. Muulize Mwalimu," akasema, akininyooshea kidole.

Jumanne, 6 Februari

Darcy ni mtoto wake wa pekee. Nilimfundisha biolojia, kisha nikamfundisha mchezo. Alikuwa mchezaji mzuri kuliko babake, na babake alilijua hilo. Aliondoka mwaka ule Merle alipouza ng'ombe. Darcy alikuwa amekwenda Minnesota kwa harusi ya rafiki; aliporudi akakuta zizi tupu, hata kamba hakuna. Hakuwa ameambiwa. Zizi lile ndilo alilokuwa akingoja kulirithi maisha yake yote. Sasa anaendesha lori la maziwa huko Dakota. Maziwa ya ng'ombe wa watu.

Alipoondoka nilikitoa kisanamu chake kwenye ramani — druidi mdogo wa joho la kijani, fimbo imeunganishwa kwa rangi ya kucha — nikakiweka dirishani, jikoni kwa Merle. Kipo hapo mpaka leo.

Kuna jambo hatujawahi kulisema. Tangu mwaka ule, kila tunapoanza kucheza, Merle hutangulia: "Kwanza naacha moto ukingoni." Hata joka likiwa mlangoni! Kwanza moto. Lyle humtania kwamba kuni za nchi nzima zitaisha.

Leo nimempigia Darcy. Niliusikia mlio wa injini muda wote. Nikamwambia hali ya babake, kisha ombi lake. Akacheka, lakini si kicheko cha furaha.

"Mwalimu, mzee alininyima ng'ombe wa kweli. Leo ananiita nikachukue kiti cha kuchezea?"

"Hakupi. Sheria haimruhusu. Anakuomba uje umshinde."

Akasema yeye si mtu wa huku tena, alishatoka, hana cheo wala nafasi. Kosa lile lile! Nikaanza kumweleza. Naona nilieleza mno.

"Niko barabarani, Mwalimu," akasema, akakata simu.

Alhamisi, 8 Februari

Theluji tangu asubuhi. Nimempelekea Merle supu ya kuku na mchele mwitu, ule mweusi mrefu. Amekula vijiko viwili tu. Kitanda kimehamishiwa jikoni, karibu na dirisha, kwa kuwa hataki kukaa chumbani.

Akauliza Darcy amesema nini. Nikasema yuko barabarani.

"Si ndiyo kazi ya mzururaji?"

Akafumba macho. Mikono yake imekuwa midogo. Mikono iliyokuwa inavuta ndama.

Jumamosi, 10 Februari

Amekuja!

Lyle na mimi tulikuwa tunachemsha kahawa. Tukasikia breki za lori uani. Akaingia na buti zake zenye theluji, hakusalimu mtu, akaenda moja kwa moja dirishani na kukichukua kile kisanamu. Akapitisha kidole juu yake.

"Hakina vumbi," akasema.

Mimi sijawahi kukifuta. Lyle hafuti hata miwani yake.

"Umekonda," Merle akamwambia.

"Na wewe umenenepa, siyo?"

Lyle akacheka peke yake. Kisha, maana Lyle hawezi kimya, akasema: "Babako katumalizia kuni zote kwa ajili yako, dada." Darcy akamuuliza kuni gani. Lyle akaona haya, akaanza kukoroga kahawa isiyo na sukari. Ikabidi aeleze. Moto wa kila mara. Miaka yote. Darcy akamgeukia babake, na babake akawa anaiangalia mashine.

"Ni sheria," Merle akasema. "Sheria tu."

Nilidhani watakumbatiana. Hawakukumbatiana.

"Kwa nini hukuniuliza kabla ya kuwauza?"

"Ungesema nisiuze."

"Ningesema!"

"Na ningekusikiliza. Leo ungekuwa zizini unaamka gizani kama nilivyoamka mimi, kwa maziwa yasiyolipa. Mama yako aliishia humo humo."

"Hilo lilikuwa langu kuamua, baba."

Merle akapumua kwanza. Inamchukua muda siku hizi.

"Ndiyo. Lilikuwa lako."

Basi. Si zaidi. Darcy akavua koti, akavuta kiti. Akaniuliza mimi, si babake: mzee ana haraka gani ya kushindwa? Mchezo ni mchezo, akifa amekufa na kiti chake, kuna nini? Nilifungua mdomo nieleze. Merle akainua kidole.

"Nikifa kitini, nimefungiwa humo," akasema. "Nikishindwa, nakuwa mzururaji. Natoka kwa miguu yangu."

Hajasimama tangu Krismasi.

Jumapili, 11 Februari

Baada ya ibada tuliweka meza ya kukunja kando ya kitanda. Ramani, visanamu, dadu. Merle akasema, kwanza naacha moto ukingoni. Darcy akaweka kisanamu chake pale pale, penye moto.

Akaanza vibaya. Akampeleka dubu wake kwenye tope, jambo ambalo hakulifanya hata akiwa na miaka kumi na miwili. Akatupa nguvu zake bora hewani. Nilijua anachofanya: asiposhinda, babake haendi popote.

Merle naye alijua.

"Usinichezee hivyo. Nilikuheshimu hata ulipokuwa mtoto, nilikupiga kila mara kwa haki."

"Ulifurahia pia."

"Sana!"

Darcy akalia, mikono juu ya meza, hakujifuta. Kisha akavuta dadu na kuanza kucheza kweli. Mungu wangu, alivyocheza! Akamgeuzia babake upepo. Akaita mizizi. Merle akajibu kwa mvua ya mawe na ujanja wake wa zamani wa kujigeuza kunguru, na kwa saa nzima hakuwa mgonjwa. Akamtukana, akamwita mwizi wa maziwa. Lyle hakula chochote.

Ikafika mwisho. Kunguru ameumia, yuko ardhini. Zamu ya Merle: arushe dadu. Ikija namba ya juu, kiti kinabaki chake. Ikija ya chini, ameshindwa.

Akaichukua dadu. Akafumba kiganja. Akasinzia.

Tulingoja. Muuguzi akaja, akampima, akasema tusimwamshe, na akalisema kwa sauti ambayo wote tuliielewa.

Lyle akanivuta nje barazani. "Mrushie wewe, Mwalimu. Sema imekuja chini. Nani atajua?"

Mimi ndiye msimulizi wa mchezo, naweza kuishusha mvua na kufufua mfalme. Kurusha dadu ya mtu mwingine siwezi. Nilimweleza Lyle kwa nini. Safari hii alisikiliza, na ningefurahi kama angenikatiza.

Jumatatu, 12 Februari

Darcy amepiga simu kabla sijanywa chai. Merle hajaamka. Pumzi inakwenda, inakaa sana, inarudi. Dadu bado iko kiganjani. Muuguzi alitaka kuitoa, Darcy akakataa.

Kisha akaniuliza, kwa ile sauti ya darasani, anaruhusiwa kuacha moto ukingoni hata kama si zamu yake?

Nikaanza kueleza. Anayeacha moto ni Mkuu. Mkuu bado ni Merle mpaka dadu idondoke. Na moto huachwa kwa ajili ya aliye njiani, na kwa sasa aliye njiani ni... Nikakwama. Sina kanuni ya hili. Nimezisoma zote.

"Mwalimu? Upo?"

"Uache," nikasema.

Nimesikia akimwambia, mbali na simu: baba, nimeuacha moto. Hakukata. Nimesikiliza mashine mpaka laini ikakatika yenyewe.

Theluji imekoma. Lyle yuko mlangoni na gari, anapiga honi.

Ya kufanya leo: nenda kwa Merle, keti, usikunje meza.