Vidole Pembeni mwa Shuka

3 Februari

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo na lile goti limetulia. Mimi mzima, ila vumbi la makaratasi linanipigisha chafya kutwa.

Kazi hapa hifadhi ya nyaraka imenoga. Tumeletewa masanduku kumi na moja ya picha na postikadi za wamisionari wa zamani, zile walizokuwa wakiwatumia watu wa kwao ili wawaonee huruma wenzetu. Nazishika kwa glovu kama daktari. Mkuu wangu anaandaa maonyesho, na mimi ndiye naandika maelezo ya kila picha. Kanuni yetu ni moja: tunanakili kilichoandikwa, hatuongezi wala hatupunguzi.

Nimechagua postikadi moja ikuzwe iwe kubwa kama mlango, ipokee wageni. Ina picha mbili za msichana mmoja. Kushoto amevaa gunia, magoti yamejaa majivu. Kulia amevaa gauni jeupe. Chini wameandika kwa lugha yao: "Yatima wa kipagani. Alivyookotwa, na alivyo baada ya miaka miwili mikononi mwetu." Amebinua mdomo kama dada yangu akinyimwa kitu! Nakutumia nakala ucheke.

Mjukuu wako


19 Februari

Mume wangu,

Marahaba. Goti lipo, linanikumbusha kwamba bado niko hai. Wa nyumbani wote hawajambo. Sikucheka.

Yatima huyo ni mimi.

Kaa chini, kama umesimama. Mama yangu alikuwa mshonaji wa misheni. Mapazia, mashuka, sare za watoto, hata majoho ya padri, vyote vilipita chini ya cherehani yake. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja na nilikuwa nimemaliza gauni langu la kwanza, nimelishona mwenyewe tangu kola hadi pindo, sindano ikanichoma kidole gumba mama akakifunga kitambaa. Bwana wa kamera akaniona nalo, akasema simama hapa. Ukuta ulikuwa umebambuka, basi akamwambia mama ashike shuka jeupe nyuma yangu. Mama akalishika, akajificha nyuma yake, anacheka. Akapiga ya kwanza.

Kisha akaniambia nivue. Akanipa gunia la kufutia sakafu. Akachota majivu ya pasi, akanipaka magotini kwa mkono wake. Mama yuko nyuma ya shuka, haoni kitu, anauliza, "Mbona kimya?" Nikajibu, "Bado anapiga, mama." Ndiyo hiyo miaka miwili yao. Haikufika hata nusu saa.

Kadi zilipokuja zimechapwa, mama akapewa moja. Hakujua kusoma, mimi nilijua. Akaniambia, nisomee. Nikamsomea: "Binti wa mshonaji wetu, siku ya usafi, na siku ya gauni lake la kwanza." Akaibandika kwa msumari ukutani, juu ya cherehani. Miaka ishirini na sita, mume wangu! Kila mgeni aliyejua kusoma nilimkimbilia na kikombe cha chai nimgeuzie kiti upande wa pili. Mama alipofariki niliitia kwenye droo ya cherehani, sikuwaonyesha hata wanangu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hii imevuka bahari, imerudi, na sasa mjukuu wangu mwenyewe anaitengenezea mlango. Mungu nilimkuta humo humo misheni na sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na bwana wa kamera, na sasa na wewe. Toa neno yatima. Nataka uandike kile nilichomsomea mama.

Bibi yako


14 Machi

Bibi,

Shikamoo, na unisamehe. Barua yako niliisoma nikiwa kazini nikashindwa kuendelea. Nimeona haya kuliko nilivyowahi kuona maishani.

Nimemweleza mkuu. Amenisikiliza vizuri, hata kiti alinivutia. Amesema anakuheshimu sana, ila kumbukumbu za mtu mzima si ushahidi, na kilichoandikwa ndicho kilichoandikwa. Atakubali tuongeze mstari chini, kwa herufi ndogo: "Familia inadai kwamba hakuwa yatima." Najua ni kidogo. Ila ni mwanzo, bibi, nami nilidhani nikuulize kwanza.

Mjukuu wako


30 Machi

Wewe,

Sijambo. Salamu nyingine utazipata ukishanipa sababu.

Inadai! Mimi nadai kwamba nilikuwa na mama? Aliyenizaa, akanifunga kidole, nikamzika kwa mikono hii, sasa ni madai, tena kwa herufi ndogo? Mwambie huyo mkuu asinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kiti akuvutie wewe.

Anataka ushahidi? Mchukue kioo cha kukuzia mtazame kidole changu gumba. Kitambaa ni kile kile, fundo ni lile lile, picha zote mbili. Miaka miwili sijabadilisha kitambaa? Ningekuwa sina kidole leo.

Na jambo la pili. Kadi ilikatwa kingo. Mama alikuwa ameshika shuka, na mtu hashiki shuka kwa meno. Tafuta picha yenyewe, kabla ya mkasi wao. Mama hakuwahi kuvua ile kofia ya chuma ya kushonea, kidole cha kati, mkono wa kulia. Hata kanisani alikwenda nayo. Itafute.

Bibi


6 Juni

Mjukuu,

Zaidi ya miezi miwili. Postamasta amechoka kuniona, akiniona tu anatikisa kichwa.

Nimehesabu: maonyesho yanafunguliwa mwisho wa mwezi huu. Kama mmenisimamisha mlangoni na gunia langu, sema. Nimezoea kudhalilishwa na wageni. Nikidhalilishwa na wewe niliyekufundisha kutia uzi kwenye sindano, hilo sijui nitaliweka wapi.

Niandikie hata mstari mmoja.

Bibi yako


21 Juni

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Usinipige, soma hadi mwisho.

Nilikataa kuitundika ile picha. Mkuu akanihamishia stoo ya chini, akasema nipoze kichwa, na nikaapa sitakuandikia hadi niwe na cha kukuambia. Niliapa vibaya, najua. Lakini huko stoo ndiko kuna vile vioo vya zamani vya kamera, vilivyotumika badala ya filamu, mamia kwa mamia, vimesimamishwa kwenye makasha ya mbao bila orodha. Nilivitazama kimoja kimoja kwenye mwanga wa dirisha, wiki tisa.

Bibi, nimeviona. Vidole vinne upande mmoja wa shuka, vinne upande mwingine. Kidole cha kati cha mkono wa kulia kinang'aa. Ni vile vile katika vioo vyote viwili, na hapo chini ya shuka, kwenye kile cha gauni, zinaonekana ncha za miguu yake, amesimama kwa vidole ili afike juu.

Nilivibeba vioo vyote viwili hadi mezani kwa mkuu kama mtu aliyebeba mayai. Alitazama muda mrefu. Akatazama na gumba lako. Akasema tuandike kwamba maelezo ya zamani "si sahihi". Nikamwambia bibi yangu anauita uongo. Tukavutana hadi chai ikapoa. Neno lililoandikwa ni "uongo", Bibi, kwa herufi kubwa.

Mlangoni kuna picha ya gauni tu, bila kukatwa kingo. Ya gunia nimeirudisha sandukuni, haitaning'inia popote. Nakutumia picha na karatasi yake ya maelezo.

Mumeo, kama bado unanitaka


10 Julai

Mume wangu,

Marahaba, marahaba tena. Hatujambo wote. Talaka nimeichana.

Bahasha niliifungua kwa mkasi wa mama. Sikuwahi kuona miguu yake pale. Sikujua alisimama kwa vidole. Nimekaa nayo mezani tangu asubuhi, chakula kimeungua, na nimemlilia kama kwamba amefariki jana.

Bado nina hasira. Nina hasira kwa ajili ya wale wengine waliomo kwenye masanduku yako ambao hawana mjukuu wa kuchokonoa vioo. Usitoke huko stoo bado. Endelea kutafuta vidole.

Picha nimeibandika juu ya cherehani, kwenye tundu lile lile la msumari. Nikavaa miwani nikasimama mbele yake. Nikamwambia, mama, siku ile nilikusomea maneno ambayo hayakuwepo, leo sikiliza. Nikamsomea kwa sauti: "Binti wa mshonaji wa misheni, siku ya gauni lake la kwanza. Anayeshika shuka ni mama yake."

Safari hii nimesoma kilichoandikwa.

Bibi yako,
binti wa mshonaji