Eti Walikusamehe Kukosa Jumuiya

Mama Benadeta,

Shikamoo. Marahaba yako siisikii tena, lakini kuanza bila kukuamkia siwezi, ungenisonya hata huko uliko. Ni mimi Yustina, uliyenisimamia kipaimara nilipokuja kutoka Namtumbo na viatu vya kuazima, ukanifundisha cherehani, ukanifundisha na kusali rozari bila kukimbiza maneno. Naandika nikiwa kibandani kwangu hapa Majengo. Gauni la mteja linanisubiri tangu asubuhi, na lisubiri. Nina hasira na nina aibu, sijui nianze na ipi.

Nianze na habari za jumuiya. Tumekomaa, Mama. Usicheke. Tumekomaa kiroho na tumevishwa utepe. Mwenyekiti wetu Odilo aliandaa semina ya siku mbili kwenye ukumbi wa parokia, semina ya kukua katika ufuasi wa Kristo, na mwisho wake akatugawa makundi matatu: watoto wachanga katika imani, vijana katika imani, na wakomavu. Unajua alitugawaje? Kwa daftari la mahudhurio! Aliyefika jumuiya kila Jumamosi akapewa utepe wa njano. Aliyekosakosa, wa kijani. Wanaofika mara mojamoja wakakaa viti vya nyuma bila kitu, wanatazama vidole vyao vya miguu. Mama Kolumba, aliyejifungua mapacha kwa kisu juzijuzi na hajui usingizi una rangi gani, huyo ni mtoto mchanga. Odilo, ambaye hasalimiani na ndugu yake wa tumbo moja kwa sababu ya mpaka wa shamba la mahindi kule Maposeni, huyo ni mkomavu. Na mkomavu kupita wote, shangilia basi, ni mimi. Nilisimamishwa mbele nikapigiwa makofi. Sijakosa hata Jumamosi moja. Ningekosaje, na katibu mwenye daftari ni mimi?

Utepe ule niliuvaa mpaka nyumbani. Nilipita barabara kubwa makusudi ili watu wauone.

Wewe ulikufa ukiwa mtoto mchanga. Kwa hesabu za Odilo lakini. Jumamosi kumi na nne mfululizo hukuonekana. Sisi saa kumi na mbili asubuhi tuko nyumba ya mtu, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, tunasoma Injili na kushirikishana, nami naita majina. Nikifika kwako, kimya. Naandika "hayupo". Nilikuuliza siku moja ulipoleta kanga ipindwe, ukasema tu, "Nina mtu asubuhi." Basi. Hukuongeza neno, nami sikuuliza ni mtu gani. Nilishaamua moyoni kwamba umepoa. Na unajua nilifanya nini, Mama? Nilikuombea. Nilifumba macho mbele ya jumuiya nzima, nikawaombea "ndugu zetu waliorudi nyuma", na kila mtu akajua namsema nani. Sauti ikanitetemeka kidogo, ya utakatifu. Nikijikumbuka natamani kujizaba kofi.

Halafu ukafa, ghafla, Alhamisi, hata homa hatukuisikia.

Utaratibu wetu unaujua, ulikuwepo ulipopitishwa. Asiyeshiriki jumuiya, jumuiya haishiriki msiba wake. Nyimbo hakuna, jeneza hatubebi, na barua ya kwenda kwa paroko ili upate misa haiandikwi. Ijumaa mchana, wewe umelazwa ndani, wanao wako kwenye mkeka macho yamewavimba, Odilo akasimama chini ya turubai na kuniambia, "Katibu, tusomee mahudhurio ya marehemu." Ningeweza kusema nimelisahau daftari. Ningeweza kuanguka nikazimia, wanawake tunazimia misibani kila siku, nani angeshangaa? Nilisimama nikasoma. Tarehe moja baada ya nyingine, hayupo, hayupo, hayupo, kwa sauti ya kusikika, maana huwa nasoma masomo kanisani na kutamka najua. Mwanao mkubwa alininyanyulia uso mara moja tu, halafu akauinamisha. Nilifika mpaka ya kumi na nne.

Aliyeninyamazisha ni Mama Kolumba. Alikuwa nyuma, pacha mmoja mgongoni na mmoja titini, akasema bila hata kusimama, "Samahani jamani, kabla hamjaendelea. Nani ataenda kumwogesha Bibi Fidea? Tangu jana asubuhi yuko kwenye mkojo."

Wote tukamgeukia. Bibi Fidea, yule mpika kangara! Yule aliyekaa na mwanamume miaka yote bila ndoa ya kanisa, ambaye padre akipita alikuwa anamwita aonje pombe kwanza ndipo amhubirie. Kiharusi kilimlaza upande mmoja, mwanawe aliyekuwa akimtunza akafuata mume mbali, akabaki na uji anaoletewa na Mama Kolumba. Kumwinua, Mama Kolumba hawezi, ana mshono. Kwa hiyo kila alfajiri ulikuwa unakwenda wewe. Unachemsha maji, unamgeuza, unamsafisha, unafua mashuka, unayaanika. Kila siku, na Jumamosi ni siku. Mama Kolumba alisimulia yote hayo huku anambadilisha mtoto titi, kama anayeeleza bei ya nyanya. Akamalizia kwamba aliwahi kukuuliza kwa nini Jumamosi usiende jumuiya kwanza, ukamjibu huwezi kumwacha mtu alale kwenye mkojo ili wewe ukasome Injili.

Nilidhani Odilo ataomba radhi. Thubutu! Alikohoa, akarekebisha koti, akatamka, "Basi, kwa kuwa kumbe marehemu alikuwa na udhuru, naomba jumuiya imsamehe."

Tukanyoosha mikono. Tukakusamehe! Sisi! Mimi nikaandika kwenye muhtasari kwamba marehemu amesamehewa kwa kura zote. Misa ukaipata, tukakuimbia, nami niliimba sauti ya kwanza.

Na usidhani tulimsahau Bibi Fidea. Hapana, sisi wakomavu. Tuliunda kamati. Watu watano, katibu mimi. Kikao cha kwanza tulichagua mwenyekiti wa kamati. Cha pili tulijadili kama inafaa kumhudumia kabla hajaungama, Odilo akasema tukimwogesha bila toba tutakuwa tunabariki kangara. Cha tatu kiliahirishwa kwa sababu ya maandalizi ya semina ile ya utepe. Muhtasari upo, umepigwa mstari kwa rula. Bibi hakuogeshwa.

Mimi nilikwenda mara moja, nisikudanganye. Nilichukua mche wa sabuni na kitabu cha sala. Harufu ilinipokea kabla ya mlango. Nikasali nikiwa kizingitini, haraka, nikaweka sabuni chini. Bibi akaniuliza kutoka gizani, "Hiyo sabuni inajua kutembea yenyewe?" Niliondoka nimekasirika. Nilimwambia Odilo bibi yule ni jeuri, hana shukrani, na Odilo akatikisa kichwa kwa masikitiko, tukaelewana vizuri sana.

Kwa hiyo ukiwa unatafuta wa kumdharau, Odilo usimguse bado. Anza na mimi. Odilo ni mjinga wa kawaida, anaamini kweli kwamba Mungu ana daftari kama letu. Mimi nililelewa na wewe. Nilikula ugali wako. Nilikuona unavua kanga yako njiani unamfunika mlevi wa watu, halafu nikakaa miaka naamini imani ni kuwahi.

Kilichoniondoa kitini si semina, wala si sala. Ni Mama Kolumba. Jumanne alikuja hapa kibandani akaomba vipande vya vitambaa nilivyobakiza, vilaini. Nikamuuliza vya nini. Akasema mgongo wa bibi umeanza kutoboka, anataka kumwekea kitu chini. Nikampa mfuko mzima. Nikamsubiri aniombe niende, na jibu nilikuwa nalo tayari, nina kazi za watu. Hakuniomba. Alisema asante, akafunga mtoto, akaondoka. Hakuniomba, Mama! Alinitazama nilivyo, na utepe wangu umening'inia pale kwenye kioo, akaona hakuna haja ya kupoteza maneno. Hakuna mtu aliyewahi kunidharau kiasi hicho, na hakuwa hata amekusudia. Sikushona kitu siku ile.

Jumamosi nilikwenda. Saa kumi na mbili. Simu ililia, Odilo, jumuiya imekaa na daftari liko kwangu. Nikaiacha ilie mpaka ikachoka.

Usitegemee nikusimulie uzuri. Nilipofunua shuka nilitoka nje nikatapika kwenye migomba. Nikarudi. Sijui kumgeuza mtu, nilimbana mkono, akanitukana tusi ambalo siwezi kuliandika kwenye barua ya marehemu. Maji niliyapoza kupita kiasi. "Unakamua kitambaa kama unanyonga kuku," akaniambia. "Benadeta alikuwa na mikono. Wewe una makucha." Vidonda viwili mgongoni, Mama, kimoja kinaingia kidole. Kimetoboka hapo wakati sisi tunachagua mwenyekiti wa kamati. Nilikiosha kwa maji ya chumvi, akauma mto na mimi nikalia, na wala sikulia kwa huruma, nililia kwa hasira kwamba ni kazi ngumu hivi, chafu hivi, na ulikuwa unaifanya na magoti yako yale yaliyovimba, kisha unapita mbele ya kibanda changu unanisalimia, na mimi nakuitikia kwa kukuonea huruma.

Nilipomaliza nikamlaza ubavu, shuka kavu, mafuta kidogo. Akafumba macho nikadhani amelala. Halafu akasema, "Wewe ndiye yule wa cherehani."

Nikasema ndiyo, Bibi.

"Benadeta alikuwa anakutaja kila siku. Binti yangu wa cherehani atakuja kunisaidia kukuinua, anasema. Hajakua bado, lakini atakuja. Mimi nikamwambia ng'o, yule haji. Nimemwona kanisani anavyojitazama. Tulibishana mpaka siku ile ya mwisho."

Kisha akageuzia uso ukutani.

Mama, kwa nini hukuniambia? Wiki kumi na nne ulikuwa unanisubiri, unainua peke yako mzigo wa watu wawili, na mlango wangu unaupita kila asubuhi! Neno moja tu. Ungesema, Yustina, njoo tuinue mtu. Nimekukasirikia kwa hilo tangu Jumamosi, nimekununia kama uko hai, mpaka jana nilipoacha kujidanganya. Ungeniambia, nisingekuja. Ningekuandikia udhuru, nikakusifu mbele ya watu, nikapendekeza kamati. Ulilijua hilo, ukanyamaza ili nisipate nafasi ya kukukatalia.

Bibi Fidea simpendi, nisikufiche. Ana mdomo mchafu na jana amenitemea uji. Ila nakuahidi mgongo wake utapona, na sitamwacha Mama Kolumba aje tena kuomba vitambaa. Kesho asubuhi naenda. Keshokutwa naenda. Odilo amesema nikikosa mara tatu ananivua ukatibu, nimemwambia asisubiri hiyo ya tatu.

Pumzika, Mama. Umembishia bibi wa watu mpaka ukafa, na ulikuwa na haki wewe, ila nimekuchelewesha ushindi wako. Bado sijakua, lakini nimekuja.

Binti yako,
Yustina