Betri Zilizo Chini ya Bweni

Karakana ya Milango na Madirisha,
Nyuma ya Kituo cha Mafuta,
S.L.P. 418.
Jumatatu, 12 Mei.

Mpendwa mdogo wangu,

Alhamisi iliyopita, saa nane na nusu mchana, binti yangu alishindwa mdahalo shuleni kwa kura 211 dhidi ya 38. Nimelitanguliza hilo mbele ya salamu kwa sababu limeninyima raha, na wewe linakuhusu.

Hujambo lakini? Wifi na watoto hawajambo? Huku tu wazima. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi, ila ulimi wake hauna ugonjwa. Juzi kaniambia nachomelea chuma vizuri kuliko ninavyopika.

Mdahalo ulihusu nishati ya kutegemewa na shule: jua au gesi ya samadi. Kwa utaratibu wao unaokota kikaratasi, na upande uliokuangukia ndio utakaoutetea, upende usipende. Kipimo, huyu mpwa wako anayepima kila kitu hata mkate, akaokota samadi.

Ukumbi ulicheka kabla hajafungua kinywa. Msemaji wa jua akamwomba mwenyekiti awagawie wapinzani vitambaa vya kuzibia pua. Walimu wakacheka. Mimi nilikuwa nyuma na wazazi wenzangu, nikacheka pia, Mungu anisamehe.

Kipimo akaiacha samadi, akatoa rula mfukoni. Akasema zile betri 24 za sola ulizoiletea shule mwezi wa Januari, zilizo kwenye chumba cha chini ya bweni, amezipima kila Jumatatu kwa wiki sita. Tano zimevimba. Ya kona ilikuwa na upana wa sentimita 17, sasa ina 18 na nusu. Hapo kengele ikagongwa, dakika zake zimekwisha. Wakapiga kura.

Sikumwamini moja kwa moja, watoto huongeza chumvi. Lakini rafu za betri nilizichomelea kwa mkono wangu, nikaacha mwanya wa sentimita mbili kati ya betri na betri, kama ulivyochora wewe. Juzi Jumamosi niliomba ufunguo nikisingizia kupaka rangi penye kutu. Rafu ya chini, kona ya kushoto, hata karatasi haipiti. Dirisha pekee wamelijengea matofali kwa kuogopa wezi. Kipimajoto kilisoma nyuzi 46, na kumbuka paneli zilizounganishwa mpaka sasa ni nusu tu. Halafu kuna harufu ya yai viza ambayo niliondoka nayo kwenye nguo.

Kuna jingine ambalo Kipimo hakuliona, nami sikumwambia. Palipotakiwa kuandikwa tarehe ya kutengenezwa pamekwanguliwa. Betri zote 24, mahali palepale. Mimi chuma ndiyo kazi yangu. Mkwaruzo wa safari naujua, na alama ya patasi naijua.

Leo asubuhi nilikwenda kwa mwalimu mkuu. Alinikaribisha kiti, akafungua daftari la midahalo, akanionyesha palipoandikwa kwa wino mwekundu: hoja imeanguka. Hoja iliyoanguka kwao haifufuliwi hadi muhula ujao. Mwanao, akaniambia, alishindwa kihalali.

Nikamwambia, "Mwalimu, betri haijui kama ilipigiwa kura."

Akatabasamu. "Mama Kipimo, ndugu yako ni injinia. Wewe ni fundi wa madirisha."

Madirisha hayo ndiyo yaliyokusomesha, lakini leo si siku ya kusimangana. Alichokubali ni kimoja: injinia mwenyewe akiandika na kutia sahihi, atalifungua daftari lake.

Sasa hesabu nami. Jumamosi hii saa tatu asubuhi wanaunganisha paneli zote 60. Jumapili wasichana 144 wanarudi kutoka likizo fupi, walale juu ya chumba kile. Betri zile zikilipuka moto, mlango wa bweni ni mmoja, upana wake sentimita 80, nimeupima. Wangu nitamzuia nyumbani. Wanabaki 143, na mama zao wote wanajua kwamba jua lilishinda.

Simu nimekupigia mara kumi na moja. Nne za kwanza ziliita mpaka zikakatika, saba za mwisho umezikata wewe. Ndiyo maana barua hii nampa dereva wa lori la saruji, akukabidhi Jumatano mkononi.

Msalimie sana wifi, na wanangu wote wawili. Mkubwa mwambie shangazi ameshamfungia baiskeli yake breki mpya. Mama anakuombea kila siku, nami naitikia amina. Mola akulinde wewe na nyumba yako, na akupe moyo wa kusema kweli ingali na faida.

Nijibu hili tu: betri zile zilikuwa mpya, au zilishatumika mahali pengine? Usinieleze nani alikuuzia wala kwa nini. Andika neno moja, utie sahihi chini yake, umpe dereva. Anarudi Ijumaa, anaingia hapa saa tisa. Saa kumi jioni nitakuwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Karatasi yako isipokuwepo, nitamweleza habari ya patasi, na jina nitakalomtajia ni lako.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata katika hili,
Mama Kipimo